Video Niliyoituma Kabla ya Kufungua Sabato

Kerubo mwanangu,

Usicheke. Najua mtu aliye chumba cha pili anafunga sanduku haandikiwi barua, tena mtu ambaye juzi tu tumegombania chaja. Lakini nikija hapo mlangoni kuongea, mama yako ataingia katikati na habari za neti ya mbu, nawe utasema "sawa, Tata, nimesikia," na utakuwa hujasikia kitu. Kwa hivyo nimejificha huku jikoni. Sabato tumeifunga sasa hivi, jua limezama, mama yako anasonga ugali wa wimbi na ananitazama kwa jicho la pembeni kama mtu anayeiba sukari. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu kikwetu nakiongea tu. Barua nilifundishwa kuandika kwa Kiswahili, na mwalimu wetu alikuwa na fimbo.

Mambo ya jua la Lodwar, ya maji ya kunywa na ya kuwaheshimu wakubwa wako hospitalini, mama yako ameshayasema, akarudia, na kesho pale stendi Kebirigo atayasema tena mbele za watu. Mimi siongezi hata moja.

Yangu ni haya. Kesho unaondoka na hujamuaga baba yako mkubwa Onsongo, na nyumba yake iko hapo ng'ambo ya miti ya blugamu, hata kikohozi chake tunakisikia. Unajua desturi yetu. Mtoto akienda mbali, neno la mwisho halitoki kwa baba yake, linatoka kwa ndugu mkubwa wa baba. Kaka yako alipoenda kazi Nairobi, Onsongo ndiye aliyesimama pale uani akamshika kichwa. Wewe msichana wangu wa kwanza kuvaa sare ya nesi, utaondoka kama mtu anayetoroka. Hilo linaniuma, Kerubo. Linaniuma kuliko nilivyokuonyesha wiki hii nikikutania kuhusu joto.

Na kosa si lako. Umeishi tangu mwaka jana ukidhani ni lako, nami nikakuacha udhani hivyo kwa sababu ilinifaa.

Ngoja nianze kwa mazuri. Unakumbuka ulivyoniingiza kwenye ile grupu yako, Tuulizane? Nilidhani mnauza sufuria. Kumbe kila Jumapili jioni unatuma kitu kimoja, makala ya kusoma au video, na chini yake unaandika swali. Haki, mimi nilikuwa mtu wa kusoma lesoni ya Sabato na bei ya majani chai, basi. Wewe ukatuletea habari ya kwa nini mvua yetu hupenda kunyesha mchana na si asubuhi. Ukatuletea yule mzee wa nchi gani sijui aliyepanda msitu peke yake. Ukatuletea makala inayouliza kama mtoto anayelelewa bila lugha ya bibi yake amepoteza kitu, ukaandika: "Mimi sijui jibu. Nyinyi mnaonaje?" Nilikaa na hiyo shambani siku nzima, nikachuma majani mabovu mpaka karani wa kituo cha chai akanirudishia.

Na Onsongo! Wewe ulikuwa unatuma, yeye anajibu kwa sauti, ndefu kama mahubiri ya padri mgeni. Ile video ya kama ng'ombe anamjua mwenyewe ilitugombanisha juu ya ua kwa wiki nzima. Alitoka na mfuniko wa debe kichwani, amejifunika uso, ili anithibitishie kwamba ng'ombe wake atamjua hata hivyo. Ng'ombe akamkimbia. Mama yako mkubwa Moraa, mkewe, alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani ya nepia ya ng'ombe. Nadhani sikuwahi kuwa karibu na ndugu yangu kama miezi ile. Sisi wanaume wa hapa tukikutana tunaulizana mvua na majani na bei, tumemaliza. Wewe ulitupa kitu kingine cha kuongea, na sikuwahi kukushukuru. Nakushukuru sasa.

Halafu Moraa akaugua.

Hili sijawahi kumwambia mtu. Moraa alilazwa kule Kisii, akakaa, na mimi sikwenda kumwona. Hata mara moja. Majani ya chai yalikuwa yamefumuka, mvua ilikuwa nzuri, nikasema nitaenda kesho kutwa. Kisha nikasema nitaenda baada ya Sabato. Mama yako alienda, wewe ulienda, mkarudi mkisema anaendelea vizuri, nami nikashika hilo neno "vizuri" kwa mikono miwili kwa sababu lilinipa ruhusa. Mwanamke aliyenipikia chakula nikiwa kijana sijaoa. Alikufa sijamwona.

Ile video wewe uliituma kabla hajafa. Nataka ulielewe hili vizuri maana umelichanganya kichwani. Uliituma Jumapili yako ya kawaida, pamoja na swali lako. Yule bwana amekaa jikoni kwake anasema juu ya baba yake: jinsi alivyolala wodini peke yake, na siku alipokufa magari yakajaa mpaka barabarani, hema, vyakula, watu wamevaa suti. Anauliza, "Mlikuwa wapi?" Nawe chini uliandika: "Hii imeniuliza mimi kwanza. Kuna mtu ninayepaswa kumtembelea wiki hii?" Mimi siku hiyo nilipita tu. Sikuwa na bando la kutosha, nikasema nitaitazama.

Niliitazama Ijumaa. Moraa alikuwa ameshakufa, mwili uko mochari, na jamaa wametengeneza grupu ya mipango ya mazishi: nani ataleta hema, nani atapika, gari gani litaleta mwili. Nilikuwa nimeoga, viatu vimepigwa rangi, jua linashuka, nimebakiwa na muda mdogo sana kabla ya kufungua Sabato. Nikasema wacha nimalize simu. Nikaifungua video yako. Yule bwana akasema "Mlikuwa wapi?" nikaona ananitazama mimi.

Mtu mwenye akili angekaa hapo. Angelia kidogo, labda. Mimi nikafanya nini? Nikaifowadi kwenye grupu ya mazishi. Bila neno. Bila lile swali lako. Sikuimaliza hata kuitazama, maana mama yako alikuwa anaita tuimbe. Nikazima simu mpaka Sabato iishe, nikaiweka kabatini nyuma ya vikombe, nikaenda kuimba kwa sauti ya pili. Nilijisikia vizuri, Kerubo! Kana kwamba nimefanya kazi ya Bwana.

Ulimi hauna mfupa, na kidole pia hakina akili. Ona sasa. Wale wengine si Waadventista kama sisi. Onsongo ni Mkatoliki tangu alipomwoa Moraa, na wajomba na wakwe simu zao ziko wazi. Usiku kucha video yangu iliwaka kwenye ile grupu, na mimi nimelala. Watu walitazama mwanzo tu, kama mimi. "Ombati anatuambia sisi?" "Anamwambia ndugu yake kwamba alimtupa mkewe?" Wakanipigia, simu imezimwa. Wakaandika, sijibu. Walioona kimya changu walisema ni kiburi. Nani angekumbuka kwamba yule mtu anashika Sabato?

Asubuhi nikaenda kanisani. Nilifundisha lesoni, na unajua ilihusu nini? Kumfariji jirani. Nilitoa mifano. Baada ya ibada nikasema nisiende nyumbani moja kwa moja, nipite kwa wafiwa. Wewe hukuwepo, kwa hivyo hujui nilivyoingia. Niliingia na suti yangu ya kijivu, kitabu cha nyimbo mkononi, natabasamu kwa upole kama shemasi. Watu wakanyamaza. Nikadhani ni huzuni. Nikakaa katikati, nikasema, "Tuimbe wimbo mmoja wa faraja," nikaanza mwenyewe. Niliimba ubeti wa kwanza peke yangu. Nikaimba wa pili peke yangu. Onsongo akainuka, akapita mbele yangu, akaenda kusimama kwenye zizi akanipa mgongo. Aibu hiyo naisikia mpaka leo masikioni, na wakati ule wala sikujua ni aibu. Nilisema moyoni, maskini, ameumia.

Jua lilipozama nikafungua simu.

Yaliyofuata unayajua, ila hujui nilivyozidi kuharibu. Nilipaswa kuvuka tu miti ile. Hatua chache! Badala yake nikaandika ujumbe mrefu kwenye grupu, "Samahani kwa yeyote aliyeumia," kumbe Onsongo ameshatoka humo. Mama yako akanisomea, akaniuliza, "Huyo yeyote ni nani? Hana jina?" Kisha nikamtumia Onsongo picha ya maua yenye aya ya Biblia. Maua, Kerubo! Mtu amefiwa na mke, ndugu yake anamtumia maua ya simu kutoka ng'ambo ya ua. Siku ya mazishi jina langu halikuitwa kuzungumza kwa niaba ya familia. Nilisimama karibu na nguzo ya hema kama mtu aliyekuja na gari la kukodi. Tulipomaliza akanishika mkono akasema, "Asante kwa kuja." Hivyo ndivyo tunavyowaambia wageni.

Na wewe ulikuja kwangu jioni ile ukilia. Ulisema, "Tata, ni mimi niliyeileta hiyo video." Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, nikasema, "Basi, mama, yamepita." Ukafunga Tuulizane. Uliandika kwamba unapumzika kidogo, na hujairudia tena. Mimi nikanyamaza kwa sababu video ikiwa yako, kosa linagawanyika. Nilikuachia ubebe gunia langu, na wewe ni mtoto.

Sasa nikuambie nilichokiona tangu hapo, na usidhani ninahubiri, maana anayehubiri huwa amevaa viatu, na mimi hapa niko peku.

Video haikuwa mbaya. Miezi mingi baadaye niliirudia, peke yangu, nikaitazama mpaka mwisho. Unajua yule bwana anamalizia vipi? Anasema, "Na wa kwanza kuulizwa ni mimi. Sikuwepo." Kisha anataja majina ya watu walio hai ambao anakwenda kuwatembelea. Nilikaa pale kwenye kreti ya maziwa nikalia kama mtoto. Kitu kile kilitumwa kwangu, mimi, na wewe mwanangu, na swali lilikuwa limeandikwa wazi. Nilikikata kichwa nikawarushia wengine. Hata mwenyewe nilikuwa sijui kwamba nawarushia. Nilidhani ninawaelimisha.

Siku hizi kitu kikinichoma, nakaa nacho. Najiuliza, huyu ninayetaka kumtumia ananijia kichwani kwa upendo au kwa kumwonyesha kosa lake? Kama ni kumwonyesha, najua basi ni changu. Wakati mwingine nakituma hata hivyo, binadamu ni binadamu, lakini naweka neno langu juu yake, jina langu, na sababu yangu. Na kama mtu yuko karibu ninapeleka miguu. Hili la miguu nalisema leo kwa mdomo mkubwa na bado sijalifanya kwa yule wa maana. Unaweza kucheka hapo, nimekuruhusu.

Lakini kufunga grupu, hapana. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wewe ulikuwa unafanya vizuri, kuliko watu wengi wakubwa niliowaona na simu zao. Ulikuwa unasoma mpaka mwisho. Ulikuwa unasema kwamba hujui jibu. Ulikuwa unamwachia mtu nafasi ya kukubishia, hata mtu kama Onsongo na mfuniko wake wa debe. Kule Lodwar utakaa na watu ambao hawajui wimbi wala mgomba, watakuwa na mambo yao ya kukuuliza. Waingize. Waache watuulize na sisi huku. Mimi nataka kujua mtu wa jua kali anafikiri nini asubuhi akiamka. Nataka bando langu liishe kwa kitu cha maana, si kwa vichekesho vya shemeji yako.

Mama yako anasema ugali uko tayari na barua gani hii isiyoisha. Amesoma juu ya bega langu, unajua tabia yake. Ameniambia, "Unamwandikia mtoto mambo ya kumwambia Onsongo." Kisha akaenda zake na mwiko.

Kerubo, amesema kweli. Nimerudia tena. Ninakutumia wewe ujumbe wa mtu mwingine. Kuleni, msiningoje. Ninavuka.

*

Nimerudi. Mmekula, mmeniachia mboga ya saga na kipande cha ugali kilichokauka, asanteni. Wacha nikuandikie kama ilivyokuwa, kabla sijaanza kuipamba.

Nilipiga hodi. Alikuwa peke yake, redio iko chini, anamenya ndizi. Hakusema karibu, hakusema toka. Nikaingia nikasimama. Simu nilikuwa nimeiacha hapa mezani. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, na yote yakanipotea pale mlangoni.

Nikasema, "Onsongo, ile video nilikuwa najiuliza mimi. Mimi ndiye sikuja hospitali. Sikuwa na uwezo wa kulisema nikakurushia wewe."

Akaendelea kumenya. Akamaliza moja, akachukua nyingine. Nikafikiri sasa nitoke. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Moraa alikuwa anakuulizia. Kila siku. 'Ombati hajakuja?' Mimi nilimwambia uko na majani mengi. Nilimwambia umetuma salamu."

Sikuwa nimetuma salamu, Kerubo. Alinitetea kwa mkewe anayekufa, na mimi nikamlipa kwa ile video. Nilikaa chini kwenye kiti ambacho sikukaribishwa. Nililia mbele ya ndugu yangu, mzee mzima, na sijutii. Yeye hakulia. Alininyooshea kisu akasema, "Menya." Tukamenya ndizi. Sufuria ikajaa.

Sitakudanganya kwamba alinikumbatia. Hakusema amenisamehe. Nilipoinuka niende, aliniambia hivi, na nimeshika kila neno: "Mimi bado nina uchungu na wewe. Utaisha au hautaisha, Mungu ajua. Lakini mtoto asiende nao."

Kisha akauliza gari lako ni saa ngapi. Akauliza kama ni kweli Lodwar hakuna ndizi. Akaniuliza, karibu kwa ukali, kwa nini ulifunga ile grupu, kwamba tangu uifunge hakuna mtu wa kumsumbua akili, anaongea na ng'ombe tu, na ng'ombe hambishii. Nikamwambia ni kwa sababu yangu. Akasema, "Nitamwambia mwenyewe aifungue."

Kwa hivyo kesho amka mapema, uvae vizuri. Anakuja kabla ya gari. Atasimama uani, atakushika kichwa, na atasema muda mrefu, unamjua. Mimi amenipangia kazi yangu: nishike sanduku lako na ninyamaze.

Nyasae agosesenie, Mungu akubariki, mwanangu. Hilo nalisema leo kwa karatasi, kwa sababu kesho si zamu yangu.

Tata yako,
Ombati